Kabla ya harambee ya Marekani, someni barua kwanza

Juzi jirani yangu hapa Mtwapa alinipa simu yake nimsomee barua. Binti yake, mkimbiaji wa mita 1,500 aliyemaliza kidato cha nne, ameitwa na chuo kikuu kidogo cha Kikristo huko Marekani. Familia ilishapanga harambee ya nauli, maana ajenti aliwaambia mengine yote yamelipwa. Nilisoma mara mbili. Hakuna mahali palipoandikwa hivyo.

Vyuo vya aina hii huishi kwa karo. Chuo chenye wanafunzi elfu moja au mbili kikikosa mia moja, mwaka huo kinayumba. Kwa hiyo timu ni njia ya kujaza madarasa: kocha anatafuta wanariadha wengi, anawapa punguzo, nao wanalipa kilichobaki. Vipo vyuo ambako nusu ya wanafunzi wako kwenye timu. Si ulaghai, ndiyo hesabu yao. Tatizo ni kwamba huku kwetu punguzo linaitwa ufadhili kamili.

Uliza pia chuo kiko daraja gani. Shirika la michezo ya vyuo, NCAA, lina madaraja matatu. La tatu halitoi hata senti kwa sababu ya mbio zako. Wheaton, chuo cha Kikristo chenye jina kubwa kule Illinois, kiko humo; msaada wake hufuata alama za masomo na uwezo wa familia. Daraja la pili linaruhusu ufadhili, lakini riadha na mbio za nyika kwa pamoja zina kikomo cha nafasi kamili 12.6 kwa wanawake, na hivyo hivyo kwa wanaume. Kocha mwenye wakimbiaji thelathini anazigawanya vipande vipande. Na vingine, kama Taylor cha Indiana, wako katika shirika jingine, NAIA, lenye kanuni zake.

Chuo cha binti huyu ni cha daraja la pili. Barua inampa dola 14,000 kwa mwaka. Gharama yote ni dola 41,000. Zilizobaki, kwa shilingi, ni zaidi ya milioni tatu kila mwaka, kwa miaka minne. Mjomba akasema atafanya kazi ajilipie. Mwenye viza ya mwanafunzi huanza na kazi za ndani ya chuo, na wakati wa masomo hazizidi saa 20 kwa wiki. Hizo ni pesa za sabuni na vocha.

Ajenti naye anataka asilimia kumi ya ufadhili. NCAA inakataza malipo ya namna hiyo, na anayeweza kufungiwa kukimbia ni binti, si yeye.

Sisemi mlango haupo. Gilbert Tuhabonye, Mrundi aliyenusurika kuchomwa moto shuleni kwao mwaka 1993, alisoma Abilene Christian huko Texas na akawa bingwa wa mita 800 wa daraja la pili.

Nilipomaliza, mama aliniuliza jambo ambalo sikulitarajia: "Mwalimu, na swala je?" Wao ni Waislamu. Nikamwambia vyuo vingi hivi vina ibada ya lazima, mahudhurio yanahesabiwa kama darasa, na wapo wasiopokea kabisa asiye Mkristo. Hiki kinapokea, ila ibada ni mara mbili kwa wiki. Alinyamaza kidogo, akasema hilo atalizungumza na baba yake.

Tumemwandikia kocha, si ajenti. Tumeuliza matatu: dola hizo ni za mwaka mmoja au minne, akiumia goti zinabaki, na fomu ya I-20 itaandika familia ilipe kiasi gani. Harambee imesogezwa mbele mpaka jibu lije.