Sabufa yako ni omu ngapi? Soma kabla hujaunguza amplifaya

Leo naomba siasa tuiweke pembeni kidogo tuongee besi. Kila nikikaa na vijana pale Darajani naulizwa suali lile lile: "Kaka, nichukue sabufa ya wati ngapi?" Jamani, wati si suali la kwanza. Suali la kwanza ni omu, na kwa kutouliza hilo watu wanatupa hela zao kila siku.

Omu ni ile namba iliyoandikwa nyuma kwenye sumaku ya spika, pembeni ya alama inayofanana na kiatu cha farasi: Ω. Hizi amplifaya za mtumba kutoka Japani maandishi yake mengine huambulii kitu, lakini alama hiyo ni ile ile popote duniani. Inakwambia spika inauzuia umeme kiasi gani. Fikiria mpira wa maji. Omu nyingi ni mpira mwembamba, maji yanapita kidogo. Omu chache ni mpira mnene, yanapita mengi.

Sasa tupige hesabu, usiogope, ni ya darasa la saba. Tuseme amplifaya inapeleka volti 20 kwenye spika. Spika ya omu 4 itavuta ampea 5 (20 gawa kwa 4), na 20 mara 5 ni wati 100. Ukiweka ya omu 2 inavuta ampea 10, wati 200. Ya omu 1 inavuta ampea 20, wati 400! Ndo maana kila kijana anataka omu 1, anaona kapata wati za bure. Ila hebu ziangalie ampea. Zimepanda mara nne, na zote zinapita kwenye transista zile zile. Hilo ndilo joto linaloua amplifaya.

Kwa hiyo kila amplifaya ina kikomo chake, yaani omu za chini kabisa inazovumilia. Ziko zinazoweza omu 1, hasa zile za chaneli moja za klasi D. Nyingi za chaneli mbili au nne zinaishia omu 2, na zikibrijiwa zinaishia omu 4. Kubriji, kwa asiyejua, ni kuunganisha chaneli mbili zisukume spika moja. Hapo ndipo wengi wanapopigwa chenga, maana ukibriji, kila chaneli inahisi nusu tu ya omu za spika. Spika ya omu 4 kwake inakuwa kama omu 2.

Yuko kijana mmoja, konda wa daladala ya Uwanja wa Ndege. Gari ya tajiri, ila mziki kanunua yeye kwa hela ya kudunduliza, maana abiria vijana wanachagua gari yenye mdundo. Sabufa mbili, kila moja omu 4, na amplifaya ya chaneli nne. Besi inapiga nyimbo mbili halafu kimya, taa nyekundu inawaka. Fundi wa kwanza kamwambia amplifaya feki, auze anunue nyengine. Wa pili kamwambia aongeze fyuzi kubwa.

Huyo wa pili ndo wa kukimbiwa. Fyuzi haipo kulinda mziki, ipo kulinda waya unaotoka kwenye betri ukapita chini ya miguu ya abiria. Ukiweka kubwa kuliko waya unavyoweza, au ukafunga kipande cha waya wa shaba badala yake, kitakachokatika kwanza si fyuzi tena. Waya utawaka, na gari imejaa watu.

Nilipofungua nikakuta sabufa zote mbili zimefungwa paraleli, chanya na chanya, hasi na hasi, kwenye briji moja. Paraleli omu zinapungua: 4 na 4 zinakuwa 2. Nyuma ya amplifaya pameandikwa wazi kwamba ikibrijiwa mwisho omu 4. Kumbe ilikuwa inajizima kujiokoa! Hakununua kitu. Chaneli nne ni briji mbili, kwa hiyo sabufa moja ikaenda chaneli 1 na 2, ya pili 3 na 4. Kila briji inaona omu 4 zake. Spika za milango zikarudi kwenye redio.

Angekuwa na chaneli mbili tu, ningemfungia sirisi: chanya ya amplifaya iende spika ya kwanza, hasi ya hiyo iende chanya ya pili, kisha irudi. Hapo omu zinajumlishwa, 4 na 4 ni 8. Wati zinapungua, lakini wati zikiwa nusu sikio halisikii nusu, linasikia imeshuka kidogo tu.

Angalia pia sabufa za koili mbili, zenye vichwa vinne vya waya. Koili mbili za omu 4 zinakupa 2 au 8 tu, hupati 4 hata ufanyeje. Ukitaka 4 tafuta yenye koili mbili za omu 2, ufunge sirisi. Na spika ya mtumba iliyofutika maandishi, ipime kwa mita kabla hujalipa. Ya omu 4 itasoma chini kidogo, kama 3.2 mpaka 3.6. Hiyo ni kawaida, muuzaji hajakuibia. Ikisoma sifuri au haisomi kabisa, koili imekwisha, mrudishie.

Halafu kuna umeme wenyewe. Wati 400 kwenye amplifaya ya kizamani zinaweza kuvuta karibu ampea 50 kutoka kwenye gari besi ikipiga kwa nguvu zote, na altaneta ya gari ndogo inahudumia na taa pia. Ukiona taa za mbele zinakonyeza kila mdundo, jua umeifikisha mwisho. Kwetu huku kuna na chumvi ya bahari, inakula ule waya wa hasi unaofungwa kwenye bodi. Kwangua rangi mpaka bati jeupe, kaza, paka grisi.

Wenye malori yaliyogeuzwa daladala, yale ya volti 24, msichukue umeme kwenye betri moja tu kati ya mbili. Hiyo moja inaishiwa huku mwenzake anajazwa kupita kiasi, na zote mbili zinakufa mapema. Tafuteni kibadilishaji cha 24 kwenda 12 chenye ampea za kutosha. Mwenye gari ya hivyo aniandikie hapo chini omu za spika zake na kikomo cha amplifaya, tupige hesabu pamoja.