Piano ya bure Nairobi, meno ya ndovu mpakani

KAMPALA. Kwa wiki tatu sasa nyumba yetu ya Kisaasi ina mjadala mmoja tu: tuichukue piano ya shangazi au tusiichukue?

Shangazi, ambaye kwa desturi ya Buganda tunamwita Ssenga, ameishi Nairobi tangu kabla sijazaliwa. Sasa anahamia nyumba ndogo na vitu vikubwa anavigawa. Kabati limekwenda kwa jirani, meza kanisani. Piano, ambayo marehemu mumewe aliinunua mwaka 1963 kwa familia ya Waingereza waliokuwa wakirudi kwao, amempa binti yangu wa miaka 11. Mtoto huyo anajifunzia piano ya kanisa, akipokezana na wenzake, dakika 20 kila Jumamosi.

Bei ni bure. Ninyi mnaovuka Busia na Malaba kila wiki mnajua kwamba mzigo wa bure ndio unaotaka hesabu ya makini kuliko yote.

Nilianza na uzito. Piano ya kuegemezwa ukutani huwa na kilo 200 hadi 300. Ndani yake mna fremu nzito ya chuma na nyuzi zaidi ya 200, zilizokazwa kwa nguvu ambayo ikijumlishwa hufikia tani 15 au zaidi. Inahitaji wanaume wanne, mikanda, lori lenye turubai, halafu fundi wa kuirekebisha sauti ikishazoea hewa ya huku.

Mke wangu alianzia kwingine. "Baba watoto, na mchwa je?" Ana hoja. Kampala ina misimu miwili ya mvua, Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba, na mbao huvimba na kusinyaa kila msimu. Yeye anataka kinanda cha umeme kutoka mjini, chepesi, ambacho mtoto anaweza kukipiga huku amevaa vipokea sauti na jirani akalala. Nikamkumbusha kwamba umeme hukatika. Akanikumbusha kwamba malipo ya fundi hayakatiki.

Basi nikampigia wakala wa forodha ninayemfahamu. Swali lake la kwanza: imetengenezwa wapi?

London, nikamwambia, lakini imekaa Nairobi zaidi ya miaka 60.

Akacheka. Piano haipati uraia kwa kukaa. Cheti rahisi cha uasili, kile kinachowasaidia wafanyabiashara wadogo kupitisha bidhaa zisizozidi thamani ya dola 2,000, ni cha bidhaa zinazozalishwa ndani ya Jumuiya. Mahindi ya Mbale yanakipata; piano ya London haikipati. Nijiandae kuthaminiwa mzigo na kulipa VAT ya Uganda, asilimia 18, hata kama mimi sikutoa senti. Kama Ssenga mwenyewe angekuwa anarudi kuishi Uganda, ingeweza kuingia miongoni mwa vyombo vya nyumbani vilivyotumika, ambavyo Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inavisamehe ushuru. Lakini Ssenga hahami nchi. Inayohama ni piano.

Swali lake la pili ndilo lililonikosesha usingizi: vile vibonyezo vyeupe ni vya nini?

Alinieleza namna ya kutazama. Kibonyezo cha plastiki ni kipande kimoja, cheupe sare. Cha pembe ya ndovu kwa kawaida kina vipande viwili vilivyounganishwa, na ukikitazama kwa karibu utaona mstari mwembamba unaokikata pale vibonyezo vyeusi vinapoishia. Utaona pia mistari ya asili kama ya mbao. Nikamwomba Ssenga picha kwa WhatsApp. Mstari upo, kwenye vyote 52.

Hapo hesabu ikageuka. Wafanyabiashara wa pwani walifika kwa Kabaka Suuna katika miaka ya 1840, wakaleta vitambaa, shanga na baadaye bunduki, wakaondoka na pembe na watumwa. Njia ilishuka Karagwe hadi Tabora, kisha Bagamoyo na Zanzibar. Kutoka hapo pembe nyingi zilikwenda Marekani, katika jimbo la Connecticut, ambako miji miwili, Deep River na Ivoryton, iliishi kwa kuzikata vipande vyembamba, kuvianika juani chini ya vioo viwe vyeupe, na kuvigandisha kwenye vibonyezo vya piano. Jina lenyewe Ivoryton linatokana na pembe. London nayo ilikuwa soko kubwa. Ndovu wa piano yetu alitoka wapi, hakuna wa kuniambia. Lakini barabara ile mnaijua. Baadhi yenu mnaipitia hadi leo na mzigo mwingine.

Zamani pembe ilitoka bila karatasi. Leo hairudi bila karatasi. Mwaka 1989 mkataba wa CITES ulipiga marufuku biashara ya kimataifa ya pembe za ndovu, na mwaka huohuo Kenya ikachoma tani 12 hadharani. Mwaka 2016 ikachoma tani 105. Kwa kifaa cha zamani kama hiki mlango haujafungwa kabisa, lakini lazima kiwe na cheti cha kuthibitisha kwamba pembe yake ilipatikana kabla ndovu hajaingizwa katika mkataba. Tena nchini Kenya hata kuwa na nyara ya wanyamapori bila kibali ni kosa. Ssenga, mama wa miaka 78, amekuwa akipangusa vumbi kosa hilo kila Jumapili bila kujua.

Wanaoagiza piano kuukuu kutoka Ulaya kwa kontena, ombeni picha ya vibonyezo kabla hamjatuma pesa.

Nikampa Ssenga wazo la kuibandua pembe na kuweka plastiki. Mafundi wanaweza. Ila pembe iliyobanduliwa bado ni pembe. Haiwekwi kwenye droo, inapelekwa kwa mamlaka ya wanyamapori. Simu ikanyamaza kidogo. "Mwanangu," akasema, "unataka kuing'oa meno piano ya mjomba wako?"

Siku mbili baadaye akapiga yeye. Ndani ya kigoda cha piano amekuta risiti ya mwaka ule wa 1963, imeandikwa kwa mkono. Ameipeleka kwa wakili, ambaye ndiye atakayekwenda naye ofisi ya wanyamapori. Asiende peke yake, wakala alisisitiza. Wakikataa kutoa cheti, amekubali meno yang'olewe.

Jana jioni nilimkuta mke wangu sebuleni ameshika futi. Hataki piano ikae karibu na dirisha, alisema, mvua itaiharibu. Ukuta wa ndani ndio salama. Nafasi pale ni sentimita 146. Piano, kwa vipimo vya Ssenga, ni 149.

Sasa tunajadili kabati la vyombo.