Injini Iliyochoka: Itengenezwe Upya au Ibadilishwe?

Barabara ya magari itokayo Garsen na Witu hukoma katika gati la Mokowe. Ng'ambo ya maji ni mji wa Lamu, ambako mizigo hubebwa na punda na mikokoteni. Kwa hiyo magunia ya mahindi na matenga ya maembe yatokayo Mpeketoni hushushwa hapo na kupakiwa mashuani. Pikapu kuukuu zina sehemu kubwa katika kazi hiyo, na siku pikapu inapolala, mwenyewe hana chumo wala utingo wake.

Injini ya gari kama hilo inapoanza kutoa moshi wa buluu, kula oili na kukosa nguvu, mwenye gari hupewa mashauri mawili. Fundi mmoja humwambia aifungue yote na kuitengeneza upya. Mwingine humwambia anunue Mombasa injini iliyokwisha kutumika Japani, nayo itafungwa kwa siku chache. Wengi huchagua kabla ya kitu chochote kupimwa, na hapo ndipo fedha hupotea.

Jambo la kwanza la kutazamwa si injini hata kidogo. Hewa ya chumvi ya pwani hula chuma, na yafaa chasisi igongwegongwe kwa nyundo ndogo tangu mbele hata nyuma, hasa penye viungo na mashikio ya springi. Chuma kikibonyea au kumenyuka vipande vipande, hakuna injini itakayolifaa gari hilo.

Chasisi ikiwa nzima, fundi na apime mgandamizo wa kila silinda kwa geji. Kwa injini ya dizeli ya Toyota aina ya 2L, iliyofungwa katika Hilux nyingi, kipimo cha silinda nzima ni kama kilo 32 kwa sentimeta mraba. Kikishuka chini ya 20, au silinda zikipitana kwa zaidi ya kilo 5, kuna ubovu. Lakini silinda mbili zilizo jirani zikiwa dhaifu na nyingine zikiwa nzima, huenda ikawa ni gasketi tu iliyoungua kati yake. Moshi mweusi nao mara nyingi hutokana na nozeli au chujio la hewa lililoziba. Mambo kama haya hayahitaji injini mpya, ingawa si kila fundi atakayependa kusema hivyo.

Silinda zikiwa zimelika kweli, uamuzi hutegemea bloki na kranki. Mchanga wa barabara ile, iliyokaa miaka mingi bila lami, uliingia katika injini nyingi na kusaga silinda zake. Ubovu wa namna hiyo hutengenezeka: bloki hupelekwa kwa fundi wa mashine, silinda zikachongwa kwa nusu milimeta, zikatiwa pistoni na ringi za kipimo hicho. Kranki nayo husuguliwa, ikawekewa beringi nene zaidi. Peugeot 504 za petroli, zilizokuwa zikiunganishwa hapa Kenya, zilikuwa rahisi zaidi, maana silinda zake ni laina zinazochomolewa na kubadilishwa bila mashine ya kuchonga.

Bloki iliyopasuka, au kranki iliyokwisha kusuguliwa hata haina nafasi tena, ni habari nyingine. Hapo kubadilisha injini ndiko kwenye akili. Hata hivyo, injini ya kutoka Japani nayo ni kuukuu, na historia yake haijulikani. Mnunuzi na adai isikilizwe ikiwaka na ipimwe kwa geji ile ile, tena apewe ahadi ya maandishi. Iwe ya aina ile ile ya kwanza, isije ikadai giaboksi na mashikio mengine. Bloki ikiwa nzima, kutengeneza injini ya zamani kwapendeza zaidi, maana kila kilichomo ndani kimeonekana kwa macho.

Kwa vyovyote vile, yapasa itafutwe sababu iliyoiua injini ya kwanza. Mara nyingi ni joto. Maji ya visima vingi vya pwani yana chumvi, nayo hula rejeta na kuacha gaga linaloziba njia za maji. Rejeta isiposafishwa na pampu ya maji isipokaguliwa, injini ya pili itafuata njia ya ya kwanza.

Mwenye kubadilisha injini asisahau hati. Namba ya injini imeandikwa katika hati ya gari, na mabadiliko yake hupelekwa kwa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2012. Risiti ya ununuzi na itunzwe, kwa kuwa gari ambalo namba zake hazipatani na hati huweza kuzuiliwa njiani, na mnunuzi mwangalifu hatalikubali.