Mteja mwenye noti ya 500: kuuzia watoto wetu bila kuwapoteza



Kila siku, masomo yanapotoka, barabara yetu inajaa mashati meupe na sketi na suruali za bluu. Watoto wanapita mbele ya meza zetu za sombe, ndizi na mafuta, wala hawasimami. Sisi nasi hatuwaiti. Tunamngoja mama mwenzetu anunue, na yeye anatungoja tununue kwake. Juma hili tuzungumze juu ya mteja huyu tunayemwacha apite: mtoto wa miaka 10 mpaka 17.

Tunahitaji mteja mpya. Tangu Septemba 2019 masomo ya msingi ya serikali ni bure, lakini mtoto akiingia sekondari tunaanza kulipa. Barabara ikifungwa, bei ya chumvi na sabuni inapanda siku ile ile. Na shamba la mbali si kila juma tunaweza kulifikia kwa usalama.

Ni nani huyu mteja?

Si mteja mmoja. Mtoto wa miaka 10 au 12 anataka kitu cha kula sasa hivi: andazi, karanga, bombo. Pesa anayo kidogo, na akipewa matabishi, hata karanga tatu tu, kesho atarudi na rafiki zake. Kijana wa miaka 14 kwenda juu anaangalia namna anavyoonekana: mafuta ya mwili, kusuka nywele, soksi, mkanda. Anataka inite za simu na mahali pa kuchaji.

Tena kuna vitu ambavyo mtoto anataka lakini mzazi ndiye analipa: kaye, biki, viatu vya masomo. Hapo una wateja wawili. Mtoto aangalie rangi, mzazi aangalie kama kitu kitamaliza mwaka. Usipowaridhisha wote wawili, hauuzi.

Makosa yetu

Sisi wenyewe tulianza vibaya. Tuliweka pesa pamoja, tukaleta mzigo wa suruali za fasheni kutoka Goma. Hatukuuliza kijana hata mmoja. Vijana walikuja, wakazijaribu, wakacheka, wakaenda. Bei ilikuwa ya mtu mzima na mtindo ulikuwa umepita. Tukaziuza kwa hasara.

Kosa la pili lilituuma zaidi. Tulikopesha watoto. Leo mandazi, kesho mafuta ya mwili, kesho kutwa inite, yote tunaandika kwenye kaye. Msichana mmoja deni lake likafika 3.000. Akaanza kuzunguka njia ya nyuma ili asitupite. Siku moja akaja akalipa yote mara moja, na sisi tukafurahi. Baadaye ndipo tukajua kwamba mwanaume mmoja aliyetoka kuchimba mawe ndiye aliyempa pesa ile, na tunajua wote pesa ya namna hiyo inadai nini. Tulikaa kimya siku nyingi. Kisha tukaweka sheria kwenye chama: mtoto hakopeshwi. Akiwa na njaa, mpe andazi moja la bure, lakini usiandike deni. Na mtoto akija na pesa nyingi kuliko kawaida, umuulize kwa upole, kisha uongee na mama yake.

Hesabu ya mandazi

Noti ndogo ni shida, kwa hiyo uza kwa noti ambayo mtoto anayo: mandazi matatu kwa 500. Tuchukue mfano, kila mmoja ataweka bei za soko la leo. Unga, sukari, hamira, mafuta na kuni vimekula 15.000. Umepata mandazi 105, maana yake mafungu 35. Ukiyauza yote unapata 17.500. Faida ni 2.500.

Sasa angalia. Watoto wa nyumbani wakila mafungu matano tu, unabaki na 15.000. Umechoma kuni na kuamka usiku bure. Hatusemi watoto wasile. Tunasema andazi la nyumbani lihesabiwe kabla ya kwenda sokoni, na pesa ya biashara ikae kwenye mfuko wake, mbali na pesa ya chumvi.

Biashara ambayo wasichana hawaombi kwa sauti

Kuna kitu ambacho msichana anahitaji kila mwezi na anaona haya kukitaja: vitambaa vya siku zake. Wengine wanabaki nyumbani siku hizo, na somo linawapita. Mama mwenye mashine ya kushona, au mwenye sindano na subira, anaweza kuvishona. Upande wa mwili weka pamba laini, katikati kipande cha taulo, chini nailoni isiyopitisha maji, na mabawa mawili yenye kifungo ili visisogee. Mfundishe msichana kuvifua kwa sabuni na kuvianika juani. Akivificha chini ya kitanda vikiwa na unyevu, vitamletea ugonjwa.

Usivitandike mbele ya wavulana. Viweke ndani, na wasichana wajue mama fulani anavyo. Ukimtunzia siri yake, atawaleta wenzake.

Mtaji utoke wapi?

Wengi wetu tuko katika AVEC. Namna hii ya kuweka akiba ilianzia Niger mwaka 1991, kwa wamama wasiokuwa na benki kama sisi. Sanduku moja, kufuli tatu, funguo kwa wamama watatu. Komba mkopo mdogo kwanza, wa kazi ya juma moja au mawili. Ukirudisha vizuri, omba mkubwa kidogo. Mwenye kuchukua mkopo mkubwa siku ya kwanza mara nyingi anaulisha ukoo wote.

Na tusidanganyane juu ya ruhusa. Sheria ya familia iliyorekebishwa tarehe 15 Julai 2016 iliondoa lazima ya mke kuomba ruhusa ya mume kila anapotaka kufanya jambo mbele ya sheria. Hata hivyo, kaa na baba watoto, mweleze hesabu. Biashara inayojulikana nyumbani haiibiwi nyumbani.

Tusiuze nini?

Kanyanga, sigara, vidonge ambavyo hatujui kazi yake: hapana, hata mtoto akisema ni baba amemtuma. Sheria ya tarehe 10 Januari 2009 inamwita mtoto kila aliye chini ya miaka 18. Tena mtoto wetu asiache masomo ili akae kwenye meza yetu. Tungekuwa tunauza kaye huku tunamfunga yeye nje ya darasa.

Meza moja

Wenye umri wetu hawajasahau Machi 1993, watu walipouawa hapa sokoni Ntoto, na vita ikaenea Masisi na Walikale. Watoto wanaonunua leo hawakuwako. Wanasikia tu tunavyosema nyumbani, na wanaona tunavyouza. Kwa hiyo bei iwe moja kwa kila mtoto, na matabishi yawe sawa, aongee lugha gani, atoke kilima gani.

Kazi ya juma hili

Kabla ya kununua kilo moja ya unga, keti mbele ya nyumba siku tatu uhesabu watoto wanaopita. Uliza watano: mnanunua nini, kwa pesa ngapi, nani anawapa? Andika majibu, uyalete kwenye mkutano. Asiyejua kuandika, aje na mtoto wake amwandikie. Naye ni mteja: mwanzie yeye maswali.