Je, Mwanambuzi Mdogo Atakuwa Mbuzi Mdogo?

Mwanambuzi azaliwapo katika boma la Lodwar au Kakuma, jambo la kwanza atazamalo mwenye mali ni ukubwa wake, na pengine hapo hapo hukata shauri kama atawekwa au atauzwa. Shauri hilo la haraka laweza kumpotezea mnyama mzuri.

Ni kweli kwamba kwa kawaida mnyama mkubwa hubeba mimba muda mrefu na kuzaa mtoto mkubwa. Mbuzi huchukua miezi 5, na mwanawe huwa na kilo 2 hivi. Ng'ombe mwenye nundu huchukua miezi 9 na siku kadhaa, na ndama wake huwa na kilo 20 hivi. Ngamia huchukua miezi 13, na ndama wake hupata kilo 30 au zaidi. Lakini punda huivunja kanuni hiyo: ni mdogo kuliko ng'ombe, na bado hubeba mimba mwaka mzima.

Ukubwa wa mtoto tumboni hutawaliwa hasa na mama. Mwaka 1938, huko Cambridge, Uingereza, mabwana Arthur Walton na John Hammond walieleza jinsi walivyochanganya farasi wakubwa wa Shire na wadogo wa Shetland. Mtoto wa jike mkubwa alizaliwa na uzito mara tatu ya yule wa jike mdogo, ijapokuwa damu zao zilikuwa sawa, na tofauti hiyo haikufutika yote walipokua. Kwa hiyo mfugaji aletaye beberu wa Galla kwa majike wadogo hana sababu kubwa ya kuogopa uzazi mgumu.

Udogo utokanao na njaa ni jambo jingine. Mwanambuzi hupata sehemu kubwa ya uzito wake katika miezi miwili ya mwisho ya mimba. Mama akikonda wakati huo, kama walivyokonda wengi katika ukame wa 2020 hadi 2023, mtoto huzaliwa dhaifu na maziwa huwa haba. Mapacha nao huzaliwa wadogo. Hao wote, wakipata maziwa ya dang'a katika saa za kwanza na maziwa ya kutosha baadaye, waweza kuwafikia wenzao.

Matunda ya migunga yaokotwayo kando ya mto Turkwel yafaa kuwekewa majike waliokaribia kuzaa. Tena beberu akizuiwa hadi Novemba, uzazi huangukia Aprili, wakati wa kutazamia mvua. Taabu ni maziwa, maana watoto wa boma nao huyangoja. Basi kwa majuma ya kwanza mkamuaji na aache chuchu moja kwa mwanambuzi.