Fahamu: Daktari hujifunzia wapi kushona jeraha?
Kabla ya kugusa ngozi ya mgonjwa, mwanafunzi wa udaktari hushona ganda la ndizi, mguu wa nguruwe au ngozi bandia ya silikoni. Ganda la ndizi halina huruma: ukikaza uzi kupita kiasi, linachanika. Ndilo somo lenyewe, maana mshono unaobana mno huzuia damu kufika kwenye kingo za jeraha. Sindano huingia wima, kwa pembe ya digrii 90, ili kingo zikutane zikiwa zimeinuka kidogo. Ila kazi kubwa hutangulia: ganzi, kisha kuosha jeraha kwa maji mengi. Wala si kila jeraha hushonwa. La kuumwa na mbwa mara nyingi huachwa wazi kwanza. Nyuzi za usoni hutolewa baada ya siku 3 hadi 5, za miguuni 10 hadi 14.