Je, Wajua? Meli, Bonasi na Chai ya Tangawizi

Je, wajua kwamba chai ya Kericho na Bomet huijua bahari kuliko watu wanaoilima? Jani linalochumwa Litein au Kapkoros hupita kiwandani, hushuka hadi Mombasa na kuuzwa kwenye mnada uliohamia huko mwaka wa 1969 kutoka Nairobi, ulikokuwa umeanzia 1956. Halafu hupakiwa Kilindini na kuvuka maji kwenda Pakistan, Misri na Uingereza. Mwenye shamba hubaki nyumbani, akiamini kwamba likizo ya melini ni ya watalii wanaokuja kwetu, si yetu sisi. Sikubaliani na imani hiyo hata kidogo. Mwalimu wa Sotik, muuguzi wa Longisa au mkulima wa Mogogosiek akianza mipango mwaka mzima mapema, akatanguliza hati kabla ya nauli, anaweza kwenda.

Je, wajua kwamba bonasi na meli zina misimu inayofuatana? Wakulima wa viwanda vya KTDA hupokea bonasi yao mwezi wa Oktoba au karibu na hapo. Meli za kitalii nazo huzuru pwani ya Afrika Mashariki hasa kati ya Novemba na Machi, wakati upepo wa kaskazi unavuma na bahari imetulia. Kusi ikishaingia katikati ya mwaka, mawimbi hupanda na meli hizo huwa zimeelekea kwingine. Lakini angalia tarehe kwa makini. Kampuni nyingi hutaka arubuni unapohifadhi nafasi, kisha malipo yote siku 75 hadi 120 kabla ya kung'oa nanga. Kwa hesabu hiyo, bonasi ya Oktoba inalipia safari ya Februari au Machi. Ya Desemba imeshapita.

Je, wajua kwamba bei unayoiona kwenye tangazo huwa ni ya mtu mmoja kati ya wawili wanaolala chumba kimoja? Ukisafiri peke yako unaweza kutozwa karibu maradufu. Ndiyo maana napenda sana wazo la chama. Kampuni nyingi kubwa huhesabu vyumba vinane, yaani watu 16, kuwa kundi, na kundi mara nyingi hupewa punguzo au nafasi moja ya bure. Chama cha akina mama cha watu 16 hakikosekani katika eneo lolote la chai.

Kuna gharama nyingine ambazo tangazo halizitaji. Kampuni nyingi za Marekani huongeza ada ya wahudumu ya dola 15 hadi 20 kwa kila mtu kwa kila siku. Matembezi ya nchi kavu hulipiwa kando, vilevile soda, intaneti na daktari. Chakula cha ukumbi mkuu kimo ndani ya nauli. Jumlisha haya yote hapa nyumbani kwa shilingi, kisha uamue.

Je, wajua kwamba M-Pesa haikusaidii ukiwa sitahani? Meli hukufungulia akaunti, nawe huiunganisha na kadi ya benki au huweka amana ya dola taslimu siku ya kwanza.

Je, wajua kwamba tangu tarehe 1 Januari 2023 Mkenya hahitaji viza ya kuingia Afrika Kusini kwa matembezi, hadi siku 90 kwa mwaka? Durban na Cape Town ni bandari za meli za kitalii. Shelisheli na Mauritius pia hatuhitaji viza, ingawa Shelisheli hudai kibali cha mtandaoni kabla ya kusafiri. Kwa Tanzania, pamoja na Zanzibar, hakuna viza kwetu. Uganda na Rwanda, kitambulisho cha taifa kinatosha. Mtu wa Kericho ana bahari nyingi za kuzunguka kabla hajapanga foleni ya ubalozi wowote.

Ukitamani Bahari ya Mediterania, habari ni tofauti. Utahitaji viza ya Schengen, na hapo wengi hukwama bila kujua sababu. Meli inayoondoka Barcelona ikatia nanga Tunis imekutoa nje ya eneo la Schengen, na ikirejea Italia unahesabiwa kuwa unaingia upya. Viza ya kuingia mara moja haikurudishi. Omba ya kuingia mara nyingi, na uambatanishe ratiba ya meli ionyeshe kila bandari. Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na bima ya matibabu isipungue yuro 30,000. Pasipoti yenyewe iwe na uhai wa miezi sita zaidi ya siku utakayorudi. Ofisi za pasipoti ziko Kisumu, Eldoret na Kisii, kwa hiyo si lazima kufunga safari ya Nairobi.

Je, wajua kwamba chanjo ya homa ya manjano sasa ni ya maisha? Shirika la Afya Duniani lilifuta ule muda wa miaka kumi mwezi wa Julai 2016. Cheti huanza kutambuliwa siku kumi baada ya sindano, basi usichanjwe wiki ya kusafiri. Zanzibar hukiulizia kwa anayetoka Kenya.

Je, wajua kwamba watu wa nyanda za juu hatuna kinga ya malaria waliyo nayo watu wa ziwani na wa pwani? Malaria ya Kericho imefanyiwa utafiti wa miaka mingi, hasa katika mashamba makubwa ya chai, kwa sababu ugonjwa huu ukizuka mahali penye baridi huwaangusha wakubwa kwa wadogo. Anayeshuka Kisumu, Mombasa au Pemba aongee na daktari kuhusu dawa za kuzuia, na alale ndani ya neti hata kama wenyeji wa huko wanamwambia ni wasiwasi tu.

Mama mjamzito je? Kampuni nyingi hazimpokei akifikisha wiki 24. Mtoto wa chini ya miezi sita naye hapandi.

Je, wajua kwamba tangawizi unayotia kwenye chai hutuliza tumbo baharini? Imejaribiwa na watafiti, na mabaharia waliijua zamani. Chagua chumba cha katikati ya meli, sitaha za chini, ambako mtikisiko ni mdogo. Vyumba vya aina hiyo mara nyingi ndivyo vya bei nafuu. Ukianza kusikia kichefuchefu, toka nje utazame upeo wa macho, uache kusoma simu. Dawa ya kidonge imezwe kabla mawimbi hayajaanza.

Lakini birika lako liache nyumbani. Meli nyingi haziruhusu abiria kupanda na birika la umeme wala pasi, kwa kuhofia moto. Vyakula vya kupikwa nyumbani pia huzuiwa, kwa hiyo mursik ibaki kwenye kibuyu ikungojee. Anayeshindwa kabisa kuishi bila kujitengenezea chai chumbani atafute meli za Waingereza kama zile za P&O, ambazo huweka birika katika vyumba. Na kwa kuwa chai ya Kenya huchanganywa katika majani mengi yanayouzwa Uingereza, huenda kikombe hicho kina jasho la kwenu.

Je, wajua kwamba unaweza kuonja safari ya maji bila pasipoti na ukarudi nyumbani? Nenda Luanda Kotieno, upande wa Siaya, upande feri ya Mbita. Magari huingia kwanza na kupangwa bampa kwa bampa, halafu watu hupanda ngazi kwenda juu na mabegi, mitungi na kuku waliofungwa miguu. Chini injini hutetemesha mabati, upepo hupiga usoni, na kwa muda wa kama saa moja vilima vya Homa Bay husogea taratibu. Mwenye tumbo jepesi atajijua hapo. Mwenye hofu ya maji naye atajijua, na kujua hilo kwa nauli ndogo ni bora kuliko kuligundua ukiwa umelipa maelfu ya dola.

Ziwa Victoria lina historia ya meli ambayo watoto wetu hawafundishwi vya kutosha. SS William Mackinnon ilifika Mombasa kwa vipande reli ikiwa bado haijakamilika, wapagazi wakabeba vipande hivyo kwa miguu, na vingi vikapotea njiani. Iliwekwa majini mwaka wa 1900. Reli ilipofika Kisumu mwaka uliofuata, kazi ilibadilika: meli zilizofuata zilipanda milima zikiwa zimefunguliwa, juu ya mabehewa, kwa njia ya Londiani, Lumbwa na Fort Ternan. Lumbwa ndiyo Kipkelion ya leo. Hata RMS Victoria, iliyoundwa Glasgow, ikakongolewa na kuunganishwa upya Kisumu, ilipita kwenye reli hiyo kabla ya kuanza kazi mwaka wa 1961. Ilizunguka ziwa ikiwapeleka abiria Musoma, Mwanza, Bukoba na Uganda, na wapo wazee waliolala ndani yake. Sasa iko upande wa Tanzania, ilikarabatiwa na kurudi majini mwaka wa 2020, ikihudumu kati ya Mwanza na Bukoba. Kwa maoni yangu, usiku mmoja katika meli hiyo ni safari bora ya kwanza kwa familia ya Bomet kuliko wiki nzima baharini.

Je, wajua kwamba kiwanda kilichounda MV Liemba ya Ziwa Tanganyika bado kinaunda meli za kitalii? Ni Meyer Werft cha Papenburg, Ujerumani. Kiliiunda mwaka wa 1913, ikasafirishwa katika masanduku yapatayo 5,000 hadi Kigoma. Siku hizi hutoa meli za kubeba maelfu ya abiria.

Je, wajua kwamba baharini ziliwahi kuwepo meli mbili zilizoitwa Kenya na Uganda? Kampuni ya British India ilizianzisha mwaka wa 1951 na 1952 kati ya London na Mombasa kupitia Suez, zikiendelea hadi Beira. Uganda ilikuja kuwa meli ya matembezi ya wanafunzi kuanzia 1968, na mwaka wa 1982 ikawa hospitali ya vita katika visiwa vya Falkland.

Sasa usalama, na hapa naomba usomaji wa makini. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza ikiwa na watu kupita uwezo wake, na mamia wakafa. Chombo chochote kikijaa kupita kiasi, teremka, hata kama umelipa na hata kama wenzako wanakuharakisha. Katika meli kubwa, zoezi la dharura hufanyika kabla ya kuondoka au mara tu baada ya hapo. Sheria hiyo ilikazwa baada ya Costa Concordia kugonga mwamba Italia mwezi wa Januari 2012, ambapo watu 32 walifariki na baadhi ya abiria walikuwa hawajapata zoezi. King'ora cha kukusanyika ni milio saba mifupi na mmoja mrefu. Tembea ukihesabu milango kati ya chumba chako na kituo cha kukusanyika, ukumbuke hesabu hiyo gizani.

Je, wajua kwamba anayekutandikia kitanda melini analindwa na mkataba wa kimataifa ambao Kenya iliuridhia mwaka wa 2014? Baharia anastahili mapumziko ya angalau saa kumi katika kila saa 24. Mkataba huo unakataza pia wakala kumtoza baharia ada ya kumtafutia kazi. Kijana wako wa Kapkatet akidaiwa laki mbili ili aunganishwe na kazi ya melini, mwambie asilipe, akaulize kwanza kwa Mamlaka ya Usafiri wa Majini ya Kenya.

Dawa zako za kila siku zikae kwenye begi la mkononi, kwa sababu mabegi makubwa huletwa chumbani saa kadhaa baadaye. Simu iweke kwenye hali ya ndege, maana mtandao wa katikati ya bahari ni ghali mno. Kwa safari inayoanzia bandari ya mbali, fika siku moja kabla, kwani ndege ikichelewa meli haingoji.

Na kweli haingoji. Norwegian Dawn, iliyotia nanga Mombasa mwezi wa Januari 2025 ikiwa na abiria zaidi ya 2,000, mwaka uliotangulia ilikuwa imewaacha abiria wanane kisiwani São Tomé. Walikwenda matembezi ya kujipangia wenyewe wakachelewa kurudi. Pasipoti zao zilikabidhiwa kwa wakala wa bandari, nao wakalazimika kupita nchi baada ya nchi wakiifukuza meli. Huko Gambia meli haikuweza kutia nanga kwa sababu ya kupwa kwa maji, ikabidi waendelee hadi Dakar. Matembezi yanayopangwa na meli yenyewe huwa ghali zaidi, lakini kundi lake likichelewa, meli hulisubiri. Ukichagua kujipangia, saa yako ya mkononi ifuate saa ya meli wala si ya bandari, na uwe umerudi getini saa moja kabla ya muda uliotangazwa.